Sauti ya Nyanda Upande wa Faustin

Mume wangu Nyanda alikuwa manju wa ngoma ya majembe, na wanaume wa namna hiyo hawazeeki kama watu wengine. Mtu wa kawaida akizeeka, magoti humwambia. Manju akizeeka, kijiji kizima kinajua isipokuwa yeye. Mimi nilijua tangu aliporudi kutoka Mafinga. Alikwenda kule kupasua mbao ili anunue ng'ombe, akarudi na ugonjwa wa kifua badala ya ng'ombe. Sauti iliyokuwa ikisikika ng'ambo ya mto ikawa haifiki hata kwa watu wa mstari wa tatu.

Nilimwambia. Sikumficha hata siku moja. Nilimwambia, "Baba Kashindye, umeimba vya kutosha, mwachie mtoto." Mtoto wetu Kashindye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wake, mtu mzima mwenye mke, mikono yake mizito na masikio yake mazuri. Nyanda akanijibu kwamba sauti yake haina kasoro, ila watu wa siku hizi masikio yao yamejaa redio. Nikacheka mpaka nikaketi chini, naye hakula kwangu siku ile.

Sisi ni Wasukuma, tulihamia Usangu na mifugo yetu, na ngoma zetu tukaja nazo. Mashindano yetu hayana majaji wa kuandika maksi. Makundi mawili yanaingia uwanja mmoja, kila moja upande wake, na yanaanza kuimba na kucheza kwa wakati mmoja. Watu wanakwenda wanakovutwa. Ukimpenda huyu unasimama kwake, ukimchoka unavuka uwanja, wala hakuna wa kukuuliza. Jua likishuka, wazee wa pande zote wanatazama watu wamesimama wapi. Mwenye watu wengi ndiye mshindi, na hakuna rufaa.

Ndiyo maana tangu zamani kila manju alitafuta dawa ya mvuto. Wengine waliifukia uwanjani, wengine waliivaa kiunoni. Nyanda alikuwa na yake, na siku za nyuma iliposemekana imefanya kazi mimi nilinyamaza, maana nilijua kilichofanya kazi ni koo.

Mwaka wa sabini na sita, baada ya kuvuna mpunga, kamati ya kijiji ikaja na jambo jipya. Kundi moja tu ndilo litakalokwenda Mbeya kucheza Sabasaba, na kijiji hakitaki tena makundi mawili yanayogombana kila mwaka. Atakayeshindwa, kundi lake linavunjwa, wachezaji wake wanakwenda kwa mwenzake. Nyanda angeweza kukataa. Wazee walimpa nafasi hiyo. Lakini mshindani wake alikuwa Faustin, na mbele ya Faustin mume wangu hakuweza kukataa kitu chochote, hata ujinga.

Huyo Faustin alikuwa mwanafunzi wake. Kila wimbo alioujua alifundishwa uani kwangu, akila ugali wangu. Kisha akapata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akanunua viatu, akaanzisha kundi lake. Alicheza vizuri, siwezi kusema uongo. Kuimba hakujua. Aliimba kama mtu anayeita ng'ombe waliokwisha kupotea. Lakini alikuwa na miguu, na vijana wake walirusha majembe juu na kuyadaka migongoni, na wasichana walikuwa wakivuka uwanja kumfuata kabla hajafungua mdomo.

Mwenyekiti wa mashindano alikuwa Bwana Selemani, mwenye duka la nguo karibu na soko. Bwana Selemani alipenda kuhutubia kuliko alivyopenda kula. Akaona mwaka huu watu wanakuja kutoka vijiji vingi, hotuba yake itapotea bure hewani, akaagiza fundi wa vipaza sauti kutoka Uyole. Ndipo akatufikia Zubery.

Zubery alishuka kwenye lori amevaa miwani ya jua, na jua lenyewe lilikuwa limefunikwa na mawingu. Alikuwa na spika nne za bati, zile zenye mdomo mpana, betri za lori, waya wa kutosha kufungia boma zima, na amplifaya mbili ambazo hakuruhusu mtu azikaribie. Akafunga spika mbili upande wa Nyanda na mbili upande wa Faustin. Yeye mwenyewe akaweka meza katikati ya uwanja, pembeni kidogo, kwenye kivuli pekee kilichokuwepo, na kivuli hicho kilikuwa changu. Mitungi yangu ya pombe ilikuwa hapo tangu asubuhi. Kwa hiyo nilimpata huyo bwana kuwa jirani.

Alinieleza kazi yake bila kuulizwa. Juu ya meza alikuwa na kisanduku cha mbao chenye swichi, alichokitengeneza mwenyewe. Maiki zote ziliingia kwenye kisanduku hicho: ya Nyanda, ya Faustin, na ya Bwana Selemani. Kutoka hapo sauti ilikwenda kwenye spika. Maiki ya Nyanda ilikwenda spika za Nyanda, ya Faustin spika za Faustin. Lakini Bwana Selemani akitaka kuhutubia, swichi moja tu, sauti yake inatoka pande zote.

"Na sizimi kitu, mama," akasema. "Mafundi wengine wa Mbeya mpaka wazime, wachomoe waya, wachomeke tena. Mimi mashine inaendelea kufanya kazi, sauti naihamisha hivi hivi ikiwa hai. Naitoa huku naipeleka kule. Mtu anaimba hapa, unamsikia pale."

"Na mwenyewe anajua amepelekwa wapi?" nikamwuliza.

"Mwenyewe ajue ya nini?"

Nikamwona ni mjinga, na sijabadili mawazo hadi leo. Mtu anayejisifu kwamba anaweza kumpeleka mwenzake mahali bila mwenyewe kujua, huyo si wa kumpa kitu cha kushika.

Mume wangu hakumwona hivyo. Siku moja kabla ya mashindano alikuja kukitazama kile kisanduku, akazunguka meza, akauliza maswali kwa sauti ya chini kama anayezungumza na mganga. Kumbe kwake huyo alikuwa mganga. Jioni beberu wetu mweupe akatoka zizini akiongozwa kwa kamba kuelekea alikolala Zubery, na Nyanda akarudi nyumbani akitabasamu.

"Mama Kashindye, kesho utaona," akaniambia. "Nimepata dawa ambayo haijawahi kufika Usangu."

"Dawa gani inakula beberu mzima?"

Akanieleza, maana hakuwahi kuwa na siri iliyolala. Mashindano yakikolea, yeye atainua usinga wake juu. Zubery akiuona usinga umeinuka, atazima maiki ya Faustin, na sauti ya Nyanda ataipeleka kwenye spika zote nne. Faustin aimbe mpaka apasuke, hakuna wa kumsikia. Uwanja mzima utajaa Nyanda.

"Watu wakinisikia mimi tu, kila kona mimi, wataacha kuja?" akasema. "Watavutwa wote."

Nilimwambia kwamba ni wizi, na kwamba mzee wa umri wake anayemwibia kijana aliyemlea mwenyewe hana aibu. Akasema dawa si wizi, kila manju anatumia dawa. Nikamwambia basi afanye anavyotaka, atapata anachokitafuta. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa juu ya aibu ya jambo lile. Hata mimi sikufikiri kama lingefaulu au la.

Kesho yake Bwana Selemani alihutubia. Sina la kusema juu ya hotuba hiyo isipokuwa kwamba ilitoka kwenye spika zote nne na watu hawakuwa na mahali pa kuikimbilia. Kisha ngoma zikaanza.

Mwanzoni uwanja uligawanyika nusu kwa nusu. Watu wazima walisimama kwa Nyanda, vijana kwa Faustin. Na lazima niseme, ile mashine ilimpendeza mume wangu. Koo lake dogo liliingia kwenye maiki likatoka kwenye spika za nyuma yake likiwa kubwa na tamu, na ukwaruzo ule wa kifua ukawa kama amefanya makusudi. Nilisimama na kata yangu mkononi nikamsikia Nyanda wa zamani. Nikafurahi, nikajikasirikia kwa jambo hilo.

Lakini miguu ya Faustin ilikuwa miguu. Baada ya muda nikaona wasichana wawili watatu wanavuka. Kisha kijana mmoja na mke wake. Hawakuwa wengi, na Nyanda angeweza kuendelea kuimba tu, maana waliovuka huwa wanarudi. Akaona wanaovuka, akainua usinga.

Zubery akavua miwani kwa mara ya kwanza. "Sasa tazama ufundi, mama," akaniambia, akabonyeza swichi zake. Spika zikatoa mlio wa kukatika kama ukuni uliovunjwa, na sauti ya Faustin ikatoweka. Mahali pake, kutoka kwenye spika za upande wa Faustin, ikatoka sauti ya Nyanda.

Kilichofuata mtoto yeyote angekijua kabla, lakini si mume wangu, wala si fundi wake. Wale watu wa upande wa Faustin walisikia wimbo mtamu unatoka juu ya vichwa vyao. Wakashangilia. Wakatulia palepale walipokuwa wamesimama. Waende wapi? Uimbaji wa Nyanda ulikuwa umewafuata wenyewe mpaka hapo walipo, na mbele yao miguu ya Faustin, na majembe yanaruka.

Faustin naye alisita kidogo tu. Aliguna kwenye maiki, akaona haitoki, akasikia wimbo. Wimbo ule aliufundishwa uani kwangu. Wapiga ngoma wake waliujua, wachezaji wake waliujua. Akatupa maiki chini, akaacha kule kuimba kulikokuwa kukimharibia siku zote, akacheza. Alicheza wimbo wa Nyanda kwa sauti ya Nyanda vizuri kuliko Nyanda alivyowahi kuucheza. Kwa mara ya kwanza upande ule ulikuwa na koo na miguu kwa pamoja, na aliyewapa ni mume wangu, kwa gharama ya beberu.

Watu wa upande wetu wakaanza kutazama kule. Kama sauti ni ileile pande zote mbili, mtu anachagua kwa macho. Wakaanza kuvuka, si wawili watatu tena.

Nyanda akaona. Akafanya kitu pekee alichokuwa amepatana na Zubery, akainua usinga juu zaidi na kuutikisa. Walikuwa na ishara moja tu, wanaume wale wawili wenye akili. Maana yake ilikuwa nipe. Hawakuwa na ishara ya rudisha.

"Mzee anataka zaidi," akasema Zubery.

"Mzee anataka umrudishie watu wake," nikamwambia. "Huoni?"

"Mama, wewe angalia pombe."

Akaongeza sauti. Spika za upande wa Nyanda, zilizokuwa nyuma yake karibu kabisa na maiki, zikaanza kupiga mluzi, maana sauti ilikuwa inatoka kwenye spika na kuingia tena kwenye maiki. Zubery akakunja uso. Akaona kwamba zile za kule mbali hazipigi mluzi, basi akazikata hizi za karibu, sauti yote akaipeleka kule. Aliniambia hivyo hivyo, kwa majivuno, huku akifanya: hizi zinasumbua, nampeleka mzima kule, kule anatoka safi.

Sasa sauti ya Nyanda haikuwapo tena kwa Nyanda. Alikuwa amesimama mbele ya watu wake akifungua mdomo, na kilichotoka kwenye mdomo wake ni kile kidogo kilichobaki baada ya Mafinga. Ile sauti kubwa ilikuwa inatoka ng'ambo ya uwanja, juu ya kichwa cha Faustin. Wageni waliokuwa wanafika kwa barabara ya soko, wamesikia jina la Nyanda tangu zamani, waliisikia ile sauti wakaifuata, na iliwapeleka kwa Faustin. Vumbi lilikuwa jingi. Nani angejua mwenye sauti amesimama wapi?

Nyanda akaacha wimbo, akaanza kuwaita. "Njooni huku," akasema. "Njooni kwangu, watu wangu, mnakwenda wapi? Huku, huku." Maneno yale yakatoka kwenye spika za Faustin kwa nguvu zote za betri za lori, yakienea uwanja mzima. Aliwaita wengine kwa majina. Mzee Bujiku, rafiki yake tangu Maswa, alisikia jina lake linaitwa kutoka kule, akachukua fimbo yake akaenda kule. Nilimwona anapita mbele ya mitungi yangu. Nikamwambia, "Bujiku, Nyanda yuko huku." Akanijibu, "Shemeji, siyo yeye huyo ananiita?" akapita.

Nilitaka kucheka, na nimecheka baadaye mara nyingi, lakini saa ile sikuweza, kwa sababu nilikuwa namtazama Kashindye.

Mpiga ngoma hapigi kwa kumtazama manju. Anapiga kwa kumsikia. Manju akivuta neno, ngoma inamsubiri, akikatisha, ngoma inakata. Kashindye alikuwa amempigia baba yake tangu alipoweza kubeba ngoma, na masikio yake hayakuwa kwa mtu mwingine. Sasa alikuwa ameketi karibu na Nyanda na hamsikii. Ngoma za wenzake na kelele za watu zilimzidi. Aliinamisha kichwa, akageuza sikio, akageuza lile la pili. Mikono ikapotea njia, akapiga mahali pasipo pake, akaacha. Kisha akaisikia sauti ya baba yake ikitoka ng'ambo, wazi, ikiita. Akainuka. Akaiweka ngoma begani, akavuka uwanja kuifuata, na wachezaji wa majembe, ambao wao humfuata mwenye ngoma na si mtu mwingine, wakamfuata wote kwa mstari, wakicheza njia nzima.

Ndipo Nyanda alipokuja mezani mbio, maiki mkononi, waya ukiburuta nyuma yake, akimfokea Zubery airudishe. Zubery akaingiwa na woga. Akarudisha swichi bila kupunguza sauti. Spika za upande wetu zikalia, mlio mmoja mkali usio na mwisho, na wachache waliokuwa wamebaki kwetu, wengi wao bibi wazee waliokuwa wamekaa chini, wakaziba masikio na kuondoka. Waliondoka kuelekea kule ambako hakukuwa na kelele.

Mimi nikachomoa waya kwenye betri. Sikujua ni upi, nilivuta zote.

Wazee walipotazama, upande wa Nyanda ulikuwa na mtu mmoja, naye ni Nyanda. Hakuna aliyehitaji kuhesabu. Faustin, ambaye simpendi, alifanya adabu akanyamazisha watu wake wasimzomee. Bwana Selemani alitaka kuhutubia, akaambiwa mashine imekufa. Zubery alikuwa anakunja waya zake na kumwambia kila aliyepita kwamba mitambo ilifanya kazi barabara, makosa ni ya watumiaji. Nilimwambia arudishe beberu. Akasema tayari.

"Tayari nini?"

"Tayari ameliwa, mama."

Jioni Kashindye alikuja nyumbani na ngoma ile. Makubaliano yalikuwa makubaliano, na asubuhi alitakiwa kuwa kwa Faustin kufanya mazoezi ya Mbeya. Alikuja kuomba ruhusa ya baba yake, kama anavyopaswa mtoto, akapiga goti mlangoni. Nyanda alikuwa amekaa kwenye kigoda chake hajala. Mimi nilikuwa nimemwandalia maneno mengi, nayapanga tangu uwanjani, na yalikuwa maneno makali.

"Enda," Nyanda akamwambia. Sauti yenyewe ilikuwa karibu haipo. "Lakini nikuulize. Wote mliondoka. Hata wewe. Nilikuwa naimba vibaya?"

"Hapana, baba."

"Basi hamkunisikia."

"Tulikusikia," akasema Kashindye, hakuinua kichwa. "Mimi hapo ulipokuwa ndipo sikukusikia. Nikasikia unaniita kule, nikaja. Nilipofika nikakutafuta, baba. Nilizunguka mpaka nyuma ya spika nikikutafuta."

Nyanda akageuka kunitazama mimi, akingoja, maana alinijua na alijua nina la kusema. Nikampakulia chakula.